Migongo ya Beji

Humu ndani sitaji jina la mtu hata mmoja, na tafadhali asiniulize mtu kwa nini kabla hajafika mwisho. Mimi zamani nilikuwa mtu wa majina. Ukiniletea hata fungu la bamia, nitakuuliza limetoka kwa nani, shamba gani, na aliyelichuma ni mtoto wa nani. Siku hizi simu ikilia, mwanangu wa kike akaniuliza kwa Kiingereza chake ni nani huyo, namjibu kwa Kiswahili, "Mtu." Anabetua mdomo, anaenda zake chumbani.

Ninakusanya beji za kampeni. Zile za bati, za duara, zenye sura ya mgombea mbele na pini nyuma, ambazo watu hugawiwa mkutanoni. Ninazo pia kanga za uchaguzi, kofia, na kadi za uanachama ambazo picha zake zimefifia mpaka mwenye kadi anaonekana pua tu. Lakini beji ndiyo ugonjwa wangu. Nimezipanga kwenye trei za plastiki zenye vyumba vidogo vidogo, juu ya kabati la nguo, katika nyumba yetu ya ghorofani huku Weston. Treni ya uwanja wa ndege ikipita, zote zinatetemeka kidogo.

Ya kwanza niliipata hapa hapa Toronto, kwenye soko la vitu vikuukuu, Jumapili moja nilipokwenda kutafuta sufuria. Ndani ya kopo la biskuti, katikati ya beji za wanasiasa wa Kanada na za marais wa Marekani, nikamwona mtu wa kwetu ananitazama. Rais wetu wa zamani, bado kijana, kofia upande, rangi ya chama imebabuka ukingoni. Weee! Moyo ulinipasuka. Nikamuuliza muuzaji, hii imefikaje huku? Nani aliivaa? Yule bwana akapandisha mabega, akasema zilikuja ndani ya sanduku la mtu aliyekufa. Mtu gani? Hajui. Nilikasirika mpaka nikasahau sufuria. Hebu fikiria, beji imevuka bahari, imekaa kifuani pa mtu aliyeimba na kutimua vumbi uwanjani, halafu inaishia kwenye kopo, hakuna hata wa kusema ilikuwa ya nani.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba ya kwangu haitakaa bila jina. Na lazima niseme kweli, kazi yangu nayo ilichangia. Nafanya kazi kwenye jiko kubwa karibu na uwanja wa ndege, tunapakia vyakula vya abiria. Mkono wangu huu umebandika lebo kwa miaka kumi na minne: ndani mna nini, kimepakiwa lini, nani kapakia. Trei isiyo na lebo inatupwa, hata kama wali wake bado unafuka. Basi nikanunua lebo ndogo nyeupe, nikawa nabandika nyuma ya kila beji: kwa hisani ya fulani, kazi yake, anakaa wapi, aliivaa mkutano gani. Nilikuwa naandika kwa kalamu ya wino, polepole, ulimi umetoka nje kidogo.

Aliyenifundisha kusoma beji ni mzee mmoja Mwismailia. Alikuwa na duka la vitambaa kwenye barabara kuu ya mji wetu, na sasa anakaa Scarborough, upande wa pili wa Toronto, ghorofa ya kumi na moja. Kiswahili chake ni kile cha zamani, kimenyooka, mimi mwenyewe najikwaa nikiongea naye. Tulikutana kwenye meza ya muuzaji yule yule, tumeshika beji moja, kila mmoja hataki kuachia. Nilimtolea maneno makali. Akacheka, akasema, "Binti, wewe ni wa kwetu. Hasira hiyo naijua." Tangu siku hiyo nikawa napanda treni na mabasi mawili kwenda kunywa chai kwake.

Yeye akishika beji haangalii sura. Anaigeuza kwanza. "Mbele ni kwa watu wote," aliniambia. "Mgongo ndio wa kwetu." Pini ya aina gani, kutu ya pwani au ya bara, bati limekunjwa kwa mashine au kwa mkono. Ila za kwake hazikuwa na lebo hata moja, na jambo hilo lilinikera sana.

"Mzee, ukifa leo, nani atajua zimetoka wapi?"

Akagonga paji la uso kwa kidole. "Ziko humu."

"Basi utazikwa nazo!"

Akamimina chai, kisha akaniambia kwamba mama yake, siku waliyoondoka mjini kwetu, alichukua daftari lenye anwani za jamaa na wateja wote akalichoma kwenye jiko la mkaa. Alichoma daftari kwanza, halafu ndipo akaanza kutafuta pasipoti. Mimi nikaona mzee wangu anaanza kuzeeka vibaya, nikabadili mazungumzo.

Sasa mdogo wangu. Yuko nyumbani, ana duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Ndiye wa mwisho kwetu. Nilimbeba mimi, nikamfundisha kusoma mimi, na katika maisha yetu yote sijawahi kuongea naye ila kwa amri. Baada ya uchaguzi uliopita, chama cha upinzani kilifungiwa, na watu wa mtaani kwetu wakaanza kuziogopa nguo zao wenyewe. Kofia zilichomwa. Fulana zikawa matambara ya kupigia deki. Lakini beji ni bati, haichomeki ikaisha. Ukiitupa jalalani, watoto wanaiokota na kuivaa. Ukiitupa chooni, siku ya kunyonya choo itaibuka. Mdogo wangu alinisimulia hayo kwenye simu huku akicheka, nami nikaruka kitini.

"Zilete kwangu! Nitazihifadhi mimi."

Akawa anazipokea dukani moja moja, watu wakijifanya wamekuja kutoa kopi. Alizifunga ndani ya pakiti za majani ya chai na kunitumia kwa mkono wa wasafiri. Pakiti ya kwanza ilikuwa na beji tano na hakuna karatasi. Nilimpigia hapo hapo.

"Majina yako wapi?"

"Dada, majina ya nini? Watu hawa wanaogopa."

"Mimi niko Kanada. Nani atakuja kuyasoma juu ya kabati langu? Kitu kisicho na jina ni taka. Kama huna majina, usinitumie."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akasema, "Haya, dada," kwa sauti ile ile aliyokuwa akinijibu zamani nilipomwamuru akaoge.

Pakiti zilizofuata zikaja na vikaratasi, hata vya zile tano za kwanza. Watu wanane, beji thelathini na saba. Mwalimu mstaafu. Kinyozi. Muuza kahawa. Dereva wa lori. Mama lishe wawili, ndugu wa tumbo moja. Mlinzi wa shule. Na fundi cherehani wa nyuma ya soko, ambaye alitoa nyingi kuliko wote, kwa sababu wakati wa kampeni yeye ndiye aliyekuwa akizishonea beji marinda ya kitambaa kuzunguka ukingo. Ana watoto watatu, mume hana. Hayo yote niliyapata kwenye vikaratasi, nikayanakili kwenye lebo bila kupunguza neno, nikijiona mtunza historia ya taifa zima.

Jumuiya yetu hukutana Scarborough, kwenye ukumbi wa chini wa jengo lenye bucha ya halali na saluni. Viongozi wakaniomba nionyeshe mkusanyo wangu siku ya sherehe ya uhuru. Jamani, nilivyofurahi! Nilipindia kitambaa cheusi cha kutandika mezani, nikaenda kumchukua mzee wangu na kigari chake cha kutembelea, nikamkalisha kando ya meza kama mgeni rasmi.

Kuna mtu pale tunamwita Shemeji. Alianza kuja kama miaka miwili iliyopita. Alisema mke wake ni wa mkoa wetu, basi akawa shemeji wa wote. Mke mwenyewe hatujawahi kumtia machoni. Mara yuko kazini, mara kasafiri, mara mafua. Lakini mtu mwenye adabu, mwenzangu! Anabeba viti, anaosha masufuria ya pilau, anawarudisha wazee majumbani kwa gari lake. Hakuna aliyejua anafanya kazi gani, na tuliona aibu kumuuliza mtu ambaye mikono yake imejaa sabuni yetu.

Siku hiyo watu walijaa mezani. Walipiga picha, wakaimba nyimbo za kampeni za vyama vyote, wakabishana mpaka mate yakaruka, wakacheka. Shemeji alikuja wenzake wote walipokuwa kwenye foleni ya chakula.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba."

Akaomba ruhusa ya kushika. Nikamwambia shika, usiogope, haziumi. Akachukua trei ya chama kile kilichofungiwa, akazigeuza beji kifudifudi, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikaonyesha migongo. Akatoa simu.

"Una mwandiko mzuri, dada," akasema. "Na umeweka kila kitu."

Mimi mjinga wa watu nikavimba kichwa. Taa ya ukumbi ilikuwa inaleta kivuli, basi nikamshikilia trei, nikaiinamisha kidogo upande wake, ili maandishi yasomeke vizuri.

Shemeji ndiye aliyeturudisha. Njia nzima mzee wangu alikuwa akimtazama kwenye kioo cha dereva. Nilipomsindikiza mpaka mlangoni kwake akanishika mkono wa koti.

"Yule hakupiga picha sura hata moja."

"Nani?"

"Amepiga migongo tu."

"Mzee, si wewe mwenyewe uliyesema mgongo ndio wa kwetu?"

"Wa kwetu," akasema. "Si wake."

Nilimwambia aache wasiwasi, anywe dawa yake alale. Nikarudi garini. Shemeji aliendesha taratibu, akiniuliza habari za kazi, za baridi, za mwanangu. Akanishusha mbele ya jengo letu Weston, mlango wa nyuma ule tunaoutumia wapangaji, karibu na mapipa. Nilikuwa nimeshafika kwenye lifti na trei zangu nilipokumbuka kwamba sikumwelekeza njia.

Wiki tatu zilipita kimya. Nikaanza kujicheka. Kisha mdogo wangu akaniambia, kwa kupitia tu, kwamba mwalimu mstaafu ameitwa kituoni kwa mahojiano, karudi jioni, hataki kuongea na mtu. Nikasema labda ni mambo ya kiwanja chake. Wiki iliyofuata ikawa zamu ya kinyozi. Halafu wale mama lishe wawili, siku moja, kila mmoja gari lake. Mdogo wangu alikuwa na desturi ya kunitumia ujumbe wa sauti mrefu, wenye vituko vya stendi nzima; sasa ukawa wa sekunde nne, sekunde tano. Hajambo. Yuko salama. Tutaongea.

Mimi usiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilikuwa nazikwepa zile trei. Nilizifunika kanga, na treni ikipita nasikia zinagongana chini ya kanga, natoka chumbani.

Simu yenyewe ilikuja nikiwa kazini, mapumziko ya saa nne asubuhi, niko kantini na wenzangu. Nilipoona ni yeye nikatoka nje, kwenye maegesho, nimevaa kofia ya wavu na aproni.

"Dada, wamemchukua fundi. Juzi. Wamemtoa kwenye cherehani, kitambaa kimebaki chini ya sindano. Bado yuko ndani. Watoto wako kwa jirani."

"Ya Rabi! Kwa kosa gani?"

"Wanasema anatunza mali za chama, wanataka kujua wenzake. Na mimi wameniita jana. Wamenionyesha picha."

"Picha gani?" niliuliza, na nilikuwa najua.

"Lebo zako. Mwandiko wako, dada, nikaujua kabla sijasoma. Zote thelathini na saba. Na kidole gumba chako kinaonekana pembeni, kimeshika trei."

Niliegemea gari la mtu. Ndege ilikuwa inapita chini sana, ikabidi tungoje wote wawili, yeye huko na mimi huku, mpaka kelele iishe. Kisha mdogo wangu akaongea kwa haraka, kama mtu aliyekariri.

"Sikiliza. Nimewaambia majina yale nimeyabuni mimi. Nimewaambia dada yangu hapokei kitu bila jina, amenisumbua, basi nikawa natunga, nachukua watu wa mtaani ninaowajua, naandika. Nimesema beji zote zilikuwa zangu. Wameniachia mpaka Ijumaa. Wanataka kusikia kutoka kwako. Uziandike upya, uzipige picha, uzitume kwenye kundi la jumuiya yenu, na maelezo. Mtu wao yumo humo, ataona. Wakiona, fundi anatoka, na wale wengine wanaachwa."

"Niziandike upya niandike nini?"

"Jina langu."

"Na wewe?"

"Mimi nitaeleza."

"Utaeleza nini, mwendawazimu wewe! Utaeleza nini?" Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa getini akageuka. "Siandiki! Hutaniamuru hivyo! Nitaandika nimezinunua hapa Toronto, sokoni!"

"Dada, wanazo picha. Kila mtu, kazi yake, nyumba yake, uliandika wewe. Sokoni kwenu wanajua fundi anakaa nyuma ya soko?" Akavuta pumzi. "Umeniamuru tangu nimezaliwa, nami sijakukatalia. Leo nikuamuru mimi, mara moja tu."

Nilikata simu, nikarudi ndani nikabandika lebo mpaka saa tisa. Msimamizi alinirudishia trei kumi na mbili. Nilikuwa nimeandika kuku kwenye samaki.

Nilikwenda kwa mzee Jumatano. Nilitaka anitukane. Nilimsimulia yote nimesimama, koti mwilini, nikamwambia, "Sema sasa! Si ulinionya? Sema!" Alikwenda jikoni na kigari chake, akachemsha chai ya maziwa, akaweka hiliki, ikachukua muda mrefu. Aliporudi nikamuuliza mama yake angefanya nini.

"Mama yangu alichoma kabla," akasema. "Baada, binti yangu, sijui. Hilo hakunifundisha."

Tulikunywa chai. Nilimwambia kwamba nikiandika namfunga mdogo wangu kwa mkono wangu, na nisipoandika, fundi atabaki ndani na wengine saba watafuatwa mmoja mmoja, na mdogo wangu atafungwa vilevile kwa kusema uongo. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole kunionyesha kwamba hesabu yangu haina kosa. Nililia pale kwenye kochi lake, bila aibu, kamasi na machozi.

Alhamisi ni siku yangu ya mapumziko. Mwanangu alikuwa shuleni. Nilitandika gazeti kwenye meza ya jikoni, nikachemsha birika, nikawa nashikilia kila beji juu ya mvuke mpaka gundi inalegea, natoa lebo kwa ukucha. Mwalimu akatoka. Muuza kahawa akatoka. Fundi alikuwa na beji kumi na moja, na kila moja niliisoma kabla ya kuitoa: mkutano wa uwanjani, mkutano wa sokoni, siku mvua iliponyesha wakaimba hivyo hivyo. Lebo hizo zilizolowa nilizitia kwenye bakuli la maji mpaka wino ukavuja wote, maji yakawa ya buluu, nikayamwaga.

Kisha nikaandika jina la mdogo wangu. Jina lake, la baba, la babu, yote matatu. Niliyemfundisha kuliandika jina hilo ni mimi, kwa kijiti, kwenye mchanga wa uani, na herufi yake ya kwanza alikuwa akiigeuza kila mara nami nikimpiga kofi la mkono. Kwenye lebo ya kumi hivi nikasimama, nikanawa, nikarudi. Mwandiko ulitakiwa uwe ule ule mzuri. Wakiona umetetemeka watasema nimelazimishwa. Treni zilipita, beji zikagongana, nami nikangoja zitulie ndipo niandike. Mara thelathini na saba.

Nilizipanga kifudifudi, nikapiga picha, nikaangalia kidole changu kisionekane. Nikaandika kwenye kundi: "Ndugu zangu, naomba radhi. Lebo mlizoziona siku ya sherehe hazikuwa za kweli. Mdogo wangu amekiri kwamba majina aliyatunga ili kunifurahisha. Beji hizi zote zilikuwa zake mwenyewe. Nimesahihisha." Nikabonyeza kabla akili haijanirudia.

Watu walicheka. Mmoja akaweka sura za kulia kwa kicheko. Mwingine akasema ndiyo maana hatuendelei, hata historia tunadanganyana. Katibu akaniandikia kando kwamba nimeiaibisha jumuiya na mwakani watatafuta mtu mwingine. Mimi, ambaye kwa neno dogo kuliko hilo ningepanda mabasi mawili kwenda kumjibu uso kwa uso, nikamjibu kwamba ana haki. Mwisho kabisa, saa kumi na moja jioni, Shemeji akaandika: "Ahsante sana dada kwa kuweka mambo sawa."

Mdogo wangu alinitumia maneno matatu. "Umefanya vizuri. Usinipigie."

Fundi alitoka Jumamosi. Najua kwa sababu alinitafuta mwenyewe, sijui namba yangu aliipata kwa nani, akanitumia sauti yake, mara ya kwanza kuisikia. Ni sauti ya mtu mdogo kuliko nilivyomwazia. Nyuma yake cherehani inasikika, na mtoto analia anataka kubebwa. "Dada, mimi nimerudi, watoto hawajambo, Mungu akulipe. Ila nimepita dukani kwa mdogo wako nimshukuru, nimekuta pamefungwa tangu jana. Na kufuli si lile lake. Umezungumza naye?"

Nilivunja lile katazo, nikampigia. Haikuita. Nikaandika ujumbe, ukapata alama moja tu, ya kutumwa bila kufika, na mpaka leo ni alama moja. Kituoni wanasema hawana mtu kama huyo. Hospitalini hayupo. Jina lake nimelitaja kwenye simu za nchi nzima, yote matatu, herufi kwa herufi, na kila ofisi inaniambia nirudie polepole, halafu inaniambia hayupo.

Sikutaka kurudi Scarborough. Mzee wangu ndiye aliyesema niende, tena nikae mbele. Usipokwenda, aliniambia, watauliza kwa nini, na fundi bado anakaa nyuma ya soko. Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi nikapanda treni yangu na mabasi yangu mawili. Ukumbi ulikuwa unanukia bizari. Nilikuwa nimejiandaa. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, matusi ya pwani na ya bara, niliyoyasikia kwa bibi yangu na ambayo sijawahi kuyatumia, ili nimvue nguo yule mtu mbele ya kila mtu.

Alikuwa anapanga viti. Aliponiona akaacha, akaja moja kwa moja, amejifuta mikono, ameinamisha kichwa kidogo kama anavyotakiwa mdogo mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, dada."

Wanawake wa meza ya chai waligeuka kuangalia. Kila mtu alikuwa anajua nimeaibika, wakataka kuona nina sura gani. Nikamfikiria fundi, na kitambaa chini ya sindano.

"Marahaba," nikasema.

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Na yule mdogo wako kule nyumbani, hajambo?"

Ulimi wangu mie! Ulimi ambao haujawahi kunyamaza mbele ya mtu, si mume, si msimamizi, si polisi. Niliuhisi umelala mdomoni.

"Hajambo," nikasema.

"Alhamdulillahi. Nisalimie, dada. Usisahau."

Akasimama pale, anangoja, maana salamu ina jibu lake na mtu mwenye adabu hupokea jibu kabla hajaondoka. Wale wa meza ya chai nao walikuwa wanangoja.

"Zimefika," nikamwambia.